Kopo Lililogoma Kunyesha

Tarehe 11 Aprili

Kwako binti yangu,

Kalamu inaniteleza lakini sitaki kuandikiwa, barua ya kuandikiwa ni kama chai ya kuonjewa. Sisi huku wazima. Mama yako mzima, goti linamsumbua asubuhi, mdomo haumsumbui saa yoyote. Fundi viatu jirani anakusalimu, bado anagonga soli na kusema uongo. Paa la jikoni nimelibadili mwenyewe, juu ya ngazi, umri huu, vijana wamesimama chini midomo wazi.

Barua hii anakuletea binti yako kwenye begi lake. Likizo hii nimempa jina, Bibi Kwanini, maana hamalizi kikombe cha chai hajauliza kwa nini. Nilimwambia, wewe, ukiuliza sana utazeeka haraka. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni akasema, "Kumbe Babu uliuliza sana!" Mama yako alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa kile kikaratasi cha darasa lako la Jumamosi nimekisoma. Kwamba mtoto atengeneze kitu cha sayansi na mzee wa nyumbani, lakini mzee akae juu ya mikono yake, aulize tu, asiguse. Nani kakitunga? Nikae juu ya mikono hii? Mikono iliyotengeneza mabirika ya nusu ya mji huu? Mwambie basi na mpishi akae juu ya mwiko.

Haya, nimekaa. Kidogo. Amekata bati mwenyewe, amekunja mwenyewe, amelehemu mwenyewe, lehemu imepinda kama njia ya mlevi, nikanyamaza. Ametoboa chini ya kopo matundu kama ya chekeche, nikanyamaza. Anasema ni mvua inayotii amri, sijui nini na nini. Kulikuwa na mambo ya kitoto hapa na pale lakini usijali, kazi imetoka safi. Nimelipaka rangi ya bluu, nimelizungushia magazeti. Msilifungue mpaka siku yenyewe ya maonyesho, rangi isije ikachubuka. Hao wazazi wa mjini na chupa zao za plastiki na gundi, waone bati.

Ni mimi baba yako, Fundi Bati ambaye kitu chake hakijawahi kuvuja.


Tarehe 24 Aprili

Baba, shikamoo. Shikamoo ya Mama nayo umfikishie, pamoja na dawa ya kuchua goti niliyomfungia humu. Mume wangu amerudi salama na lori lake. Mdogo ameota jino la kwanza na anamng'ata kila anayemsifia. Bibi Kwanini alifika salama, jina limeshika, hata baba yake anamwita hivyo.

Maonyesho yalifanyika. Unaujua ukumbi wenyewe, ule nyuma ya maktaba, meza zinatandikwa magazeti, gundi inaganda mpaka kwenye viti. Watu walijaa. Kulikuwa na mama mmoja na watoto wake pacha na kiwanda chao cha rangi za maua, kulikuwa na magari ya puto yakipita katikati ya miguu ya watu. Yeye alipewa meza ya mbele. Alifungua magazeti yako hapo hapo, na kopo lilipotoka lote la bluu linang'aa, watu walisema, "Eeh!"

Alisema vizuri, Baba. Alisema, "Hii ni mvua yangu. Nikitoa kidole inanyesha. Nikiweka kidole inasimama. Halafu nitawaambia kwa nini." Akalizamisha kwenye beseni. Nikaona kidole gumba chake kinazunguka juu ya kopo, kinazunguka, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akaliinua. Akasema, "Nyesha!" Hakuna tone. Akalizamisha tena, akasema tena. Mtu mmoja wa nyuma akasema, "Jamani, leo kiangazi!" Ukumbi wote ukacheka. Si kwa ubaya, lakini ulicheka.

Akaligeuza akalitazama muda mrefu. Nilikwenda pale mezani nikamuuliza polepole limepatwa na nini. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Nimekosea mwenyewe." Akakunja gazeti lake akaenda kukaa.

Ananiambia kwenu lilinyesha, lilinyesha mpaka Mama akalowa kanga. Je, mlilijaribu tena kabla hajaondoka? Nataka kujua tu limeharibikia wapi.

Binti yako.


Tarehe 2 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Barua ilifika zamani, lakini wino uliisha. Wino ulipopatikana jicho likauma. Jicho lilipopona nikapata kazi ya mifereji ya maji ya shule nzima, nimeimaliza peke yangu, mwalimu mkuu akanishika mkono mbele ya wanafunzi. Dawa ya goti imefika. Mama yako anasema inanuka lakini inasaidia, kama mimi.

Kuhusu hilo kopo. Makondakta wa mabasi wanarusha mizigo ya watu kama magunia ya mkaa, hilo la kwanza. La pili, maji ya mjini kwenu yametiwa dawa nyingi, yamekuwa mazito, yatapitaje kwenye tundu dogo? La tatu sijui beseni lenyewe lilikuwa la namna gani. Mimi kazi yangu naijua, haivuji.

Mama yako anasema nikujibu ulichouliza. Nimemwambia nimeshajibu.

Huyo mtu aliyesema kiangazi ni nani? Anafanya kazi gani?

Na huyu Bibi Kwanini, ni kweli alisema amekosea mwenyewe? Alisema akikutazama wewe au akitazama chini?

Baba yako.


Tarehe 15 Juni

Baba, shikamoo. Sisi wazima wa mwili. Jino la mdogo limepata mwenzake.

Alisema akinitazama mimi. Kwa kuwa umeuliza.

Jana nililitoa kopo chini ya kitanda chake nikalipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Juu yake kuna alama ya nyota, ile unayogonga kwenye kazi zako. Alama hiyo ilikuwa kwenye bakuli langu la uji, ningeijua hata kwa kupapasa. Nikakwangua rangi palipo na nyota. Kuna lehemu, Baba. Haijapinda hata kidogo.

Hapo ndipo palipokuwa na tundu lake la kuweka kidole. Lile tundu ndilo mvua yenyewe. Likizibwa, hewa iliyomo ndani haina pa kutokea, na maji hayana pa kuingilia. Alikuwa anazamisha kopo lililojaa hewa.

Sisemi kitu. Nakueleza tu mambo yalivyo hapa. Jumamosi kichwa kinamuuma, Jumapili kimepona. Nikimpeleka ukumbini kwa nguvu anatia mikono mfukoni, anawafungulia wenzake mlango. Mkasi hashiki, gundi hashiki. Mtoto aliyefungua redio ya baba yake aone msemaji anakaa wapi! Septemba kuna maonyesho mengine, amesema hatasimama. Nimemuuliza kwa mlango wa mbele na kwa mlango wa nyuma. Wewe hajakutaja hata mara moja. Jibu ni lile lile, "Nimekosea mwenyewe, basi, Mama." Zamani nilijua anaficha kitu. Sasa naogopa ameanza kuyaamini.

Binti yako.


Tarehe 21 Juni

Binti,

Salamu. Huku wazima.

Mimi kazi hii nimeianza wewe hujafikiriwa. Kopo lenye tundu juu ni kopo bovu. Mteja akiniletea kopo lina tundu nifanye nini, nilipigie ngoma? Naliziba. Matundu ya chini nilivumilia, nikaona na jingine juu, limejikalia pembeni peke yake. Fundi gani angeliacha litoke kwenye karakana yake? Nimenyoosha na lehemu zake, nani angetaka mjukuu wa Fundi Bati achekwe kwa lehemu ile? Nikamgongea na nyota yangu. Mafundi niliowafundisha mimi hakuna hata mmoja niliyempa nyota. Ndiyo shukrani hii?

Habari za kopo sitaki kuzisikia tena.

Mama yako anakusalimu. Mimi hajaniongelesha tangu asubuhi.

Baba yako.


Tarehe 9 Agosti

Binti yangu,

Hujaandika. Nilisema usiniandikie habari za kopo, sikusema usiandike.

Sisi wazima. Mama yako ananiongelesha sasa, lakini kwa maneno ya lazima tu, sogea, kula, funga mlango. Fundi viatu kapata mjukuu, anamtangaza kama mvua za masika. Paa la jikoni linavuja. Ndiyo, lile lile. Umecheka? Cheka.

Sasa sikiliza. Juzi nilichukua kopo tupu nikatoboa chini matundu kama yake, juu nikaliziba vizuri. Nikalizamisha kwenye pipa. Likanisukuma mkono kurudi juu kama mtoto anayekataa kuoga. Nikalizamisha tena kwa nguvu, nikaliinua, tupu. Fundi viatu akapiga kelele kutoka kwake, "Mzee, siku hizi unafua makopo?" Nikamwambia afunge mdomo na soli. Kisha nikachukua msumari nikatoboa tundu moja dogo juu. Likazama lenyewe, taratibu, linapumua. Nikaweka kidole, nikaliinua, limeshika maji yote. Nikatoa kidole.

Limenyesha, binti yangu. Kwenye suruali yangu yote.

Nikamkumbuka yule muuza mafuta ya taa wa zamani. Makopo yangu yalikuwa na mdomo mmoja, akimimina yanakoroma, glu, glu, mafuta yanamrukia. Akawa anatoboa tundu la pili upande wa juu na msumari. Nilikuwa nagombana naye mbele ya wateja. Unaniharibia kazi! Yeye ananijibu, "Fundi, lazima lipumue." Nikaona ni mjinga, hajui bati. Nami nikarudi karakana kutengeneza mengine yasiyo na pua.

Lakini siyo hilo linaloninyima raha. Kutojua siyo dhambi. Kuna jambo sikukuandikia, na mama yako anajua, ndiyo maana ya zile sogea na kula.

Aliniambia. Bibi Kwanini aliniambia. Alinishika mkono huu wa kulia akaniwekea kidole juu ya lile tundu, akasema, "Babu, limekwisha. Usiguse. Hili la juu ndilo bosi wa mengine yote." Nikasema sawa, mama. Nikangoja aingie ndani na bibi yake kufunga begi, nikawasha mkaa.

Sikumsikia kwa sababu ni mtoto. Na zile lehemu zilizopinda, nilikuwa nimeziona zinapita mbele ya wazazi wa mjini, zinanisema mimi, kwamba mzee yule kumbe hajui kufundisha. Nikatengeneza langu juu ya lake. Na gazeti nililifunga na kamba, nikamwambia asifungue. Hiyo ya rangi kuchubuka ilikuwa uongo, rangi ilikuwa imekauka. Nilijua akiliona kabla atanipigia kelele kituo cha basi mbele ya watu.

Badala yake yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu. Kidole chake kinatafuta. Hiyo ya kidole ungeniachia usiniandikie. Nikishika chuma cha lehemu naiona.

Akanibebea. Mtoto wa miaka tisa ananibebea mzigo mimi, na mimi nikakuandikia habari za makondakta.

Neno la kumwambia nimeliandika nikalikata, nikaliandika nikalikata, mpaka karatasi imechanika, ndiyo maana hapa pamekatwa. Mwambie babu amekosa. Mwambie yeye hakukosea popote. Msumari ulio kwenye bahasha ni wake, alitoboe tena mwenyewe. Mimi sigusi.

Baba yako.


Tarehe 22 Agosti

Baba, shikamoo.

Mume wangu yuko safarini, mdogo amesimama kwa kushika kiti, akaanguka, akakipiga kiti.

Nilimsomea barua yako yote. Aliuchukua msumari akautia mfukoni akatoka nje. Wakati wa kula ndipo aliponiuliza, "Kwa nini Babu hasemi mwenyewe?" Nikamwambia ameshasema, si nimekusomea? Akasema, "Hapo amekwambia wewe. Mimi nilisema mbele ya watu. Na yeye aseme mbele ya watu." Nikamwambia Babu ni mzee, aibu kwa mtu mzima ni nzito. Akasema, "Hata kwa mtoto nzito."

Jina ulimpa wewe, Baba, usinilaumu.

Maonyesho ni Jumamosi ya pili ya Septemba. Anasema ukisimama na yeye atasimama, usiposimama atafungua mlango. Anasema pia ukae juu ya mikono, kama kikaratasi kinavyosema.

Mimi sikumtuma. Ukishindwa nitakuelewa. Yeye sijui.

Binti yako.


Tarehe 19 Septemba

Binti yangu mpendwa,

Nimefika salama. Kondakta hakurusha kitu, alinishika mkono wakati wa kushuka, nimemsingizia bure. Mama yako amepokea kitambaa ulichompa, amekivaa, amekwenda nacho kwa mke wa fundi viatu kurudisha ungo ambao haukuwa na haraka. Mdogo mwambie babu yake bado ana alama ya meno.

Kituoni uliniuliza neno nikapanda basi bila kukujibu. Nakujibu sasa, lakini nianzie mbali, maana wewe ulikuwa mlangoni unapokea watu, mengine hukuyasikia.

Ndani ya basi nilikuwa nimepanga hotuba. Nilikuwa nianze na mabirika, nipitie mifereji ya shule, ndipo nifike kwenye kopo kwa mbali, kama mtu anayepita kando ya nyumba yenye mbwa. Nikasimama pale mezani. Yule wa kiangazi alikuwa mstari wa mbele, ana miwani, mtu wa kawaida kabisa. Nikasema, "Mimi ni Fundi Bati, kazi hii nimeianza..." Bibi Kwanini akanivuta shati. "Babu, fupi."

Basi ikawa fupi. Nikasema, mara ile kopo lake lilikuwa zima. Tundu nililiziba mimi. Alinikataza, nikamngoja atoke, nikaziba. Hakukosea, nimekosa mimi. Maneno hayo sikuyapanga. Kikatoka kitoto kimoja, kina rangi mpaka masikioni, kikaniuliza, "Sasa Babu uliziba kwa nini?" Nikakiambia niliona aibu kwa lehemu iliyopinda. Kikasema, "Na sasa huoni aibu?" Nikasema sasa ndiyo naiona.

Hakuna aliyecheka. Ningetaka mtu acheke. Hata yule wa kiangazi alivua miwani akaifuta.

Ndipo nikakaa kwenye kile kiti chenu cha watoto, magoti yakanifika kidevuni, nikaweka mikono chini yangu kama sheria inavyosema. Akatoa msumari mfukoni, akauweka katikati ya nyota yangu, akainua nyundo. Pigo la kwanza lilimponyoka, likachuna rangi. Mikono yangu ikaruka kule chini kama kuku kwenye gunia. Msumari alikuwa ameushika juu mno, binti yangu, mtu yeyote angeona! Nikauma mdomo. Pigo la pili likapita.

Akalizamisha, akaweka kidole, akalileta juu ya beseni lililokuwa miguuni pangu. Akaniambia, "Sema wewe." Nikasema, "Nyesha." Halikunyesha. Kidole hakukitoa. Akaniinamia sikioni, hili ndilo hamkulisikia huko nyuma, mlidhani anapima maji. Akasema, "Babu, nilipokukataza ulisikia?"

Ningeweza kusema masikio yangu mazee. Nikasema, "Nilisikia."

Akasema, "Basi subiri."

Nikasubiri. Kopo limejaa, mvua nzima imesimama juu ya viatu vyangu, na mtoto ananitazama machoni, hana haraka. Sijui ni muda gani. Mimi nimewahi kungoja mvua ya kweli mwaka wa ukame, haikuwa ndefu kama ile. Kisha akatoa kidole mwenyewe, bila mimi kusema tena, ikanyesha beseni lote na viatu vyote viwili, akawageukia watu akasema, "Sasa nawaambia kwa nini."

Mkapiga makofi. Ulipiga wewe, walipiga pacha, yule wa kiangazi alisimama kabisa. Na kituoni ndipo ukaniuliza, Baba, mjukuu wako katushangaza wote, wewe ni kwa nini hukumpigia hata kofi moja?

Mikono ilikuwa bado chini yangu. Sikuwa nimeambiwa niitoe.

Baba yako, Fundi Bati.